Mkono wa Kulia wa Gisiri Mniko

Awino alikuwa amefika kwapani. Upande wa kushoto wa shati ulikuwa umekwisha. Aliushona kama anavyowashonea watu wengine wote wa soko la Rangwe. Upande wa kulia ulihitaji kipande cha ziada cha kitambaa, chenye pembe tatu, ili mkono wa shati uelekee juu bila kuvuta kiuno. Hili lilikuwa shati la nne kumshonea Gisiri Mniko, na vipimo alikuwa navyo kichwani.

"Simama wima, bingwa. Ukiegemea hivyo, shati itapanda tumbo."

"Nimesimama."

"Na hii ni ya nini? Ile ya bluu imeisha?"

"Ya mkutano. Jumamosi, Homa Bay."

Awino alitoa pini mdomoni. "Aa. Basi nitaweka kola ngumu. Ukienda kubishana na watu wa kola, enda na kola."

Mkono wa kulia wa Gisiri ulikuwa juu tangu tarehe ishirini Agosti mwaka 1994, jioni. Kabla ya hapo ulikuwa mkono wa kawaida, mnene kidogo kuliko wa kushoto. Siku za mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi aliutumia kushika mafahali wakati wa kudungwa sindano, na huko ndiko alikojifunza mieleka. Ngumi na mateke alijifunza kwa kanda moja ya video, aliyoitazama katika banda la sinema mjini Migori mpaka ikakatika. Chama cha Mapigano Mseto kilipoanzishwa, kikiruhusu ngumi, mateke na mieleka katika pambano moja, yeye alikuwa tayari. Katika miaka mitatu alipigana mara tisa na kushinda mara tisa. Siku za mapambano yake, wauza nguo wa Migori walifunga vibanda saa sita mchana.

Pambano la kumi lilikuwa Homa Bay, dhidi ya Jared, mpwa wa Levis, mwenyekiti wa chama. Dakika ya nne, Gisiri alimbeba Jared kiunoni, akamlaza, akamkaba shingo. Jared alipiga mkeka kwa kiganja mara tatu, ishara ya kukubali kushindwa. Mwamuzi alisikia. Watu mia nne walisikia. Levis alimwita mwamuzi kando, wakazungumza kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha chai, kisha mwamuzi akarudi ulingoni na kuinua mkono wa Jared.

Wakati huo huo mkono wa kulia wa Gisiri uliinuka. Uliinuka taratibu, ukanyooka, ukabaki hapo. Alijaribu kuushusha kwa mkono wa kushoto. Mkewe, Bhoke, alipanda ulingoni akaning'inia kwenye mkono huo kwa mikono miwili mpaka miguu ikaacha sakafu. Haukushuka.

"Twende nyumbani, Baba Robi," Bhoke alisema. "Mvua inakuja."

Daktari aliupima, akauandika kuwa mzima. Alisema unaonekana kungoja kitu, na kwamba hapo hospitalini hawakuwa nacho.

Waliuzoea. Jioni, Bhoke alitundika taa kwenye kifundo cha mkono huo wakati wa kupika. Kanisani, mchungaji alijifunza kumruka alipouliza nani ana ushuhuda. Huko Ogwedhi, Gisiri alinunua mafahali watatu asubuhi moja bila kusema neno, ikabidi warudishwe, na tangu hapo siku za mnada alisimama nje ya boma. Magari ya abiria ya Isebania yalisimama kumchukua hata alipokuwa haendi popote, kwa hiyo alipita nyuma ya nyumba.

Chama kilichukua leseni yake. Barua ilisema mpiganaji lazima aweze kushusha mikono yote miwili. Gisiri aliisoma, akaikunja, akaendelea kupigana bila leseni, kwenye viwanja vya shule na nyuma ya masoko. Mbavu za kulia zilikuwa wazi na kila mpinzani alizikimbilia. Baada ya kuumizwa mara mbili, alijifunza kuwaacha waje, kisha kuwapokea kwa nyonga. Alishinda mapambano kumi na moja kwa mkono mmoja. Waamuzi walipotaka kuinua wa kushoto, aliwakataza.

"Kuna mmoja juu tayari," alisema.

Watu walipenda jambo hilo. Huko Migori, mtu akidhulumiwa akakataa kunyamaza, walisema ameinua wa Gisiri.

Jared, kwa upande wake, tangu jioni ile hakuweza kuinua mkono wa kulia kupita bega. Alifanya kazi kwenye ghala la barafu la samaki, na wenzake walimpangia makreti ya chini. Yeye na Gisiri walipokutana walisalimiana vizuri.

"Omera, ndugu yangu, wako bado?" Jared aliuliza.

"Bado. Na wako?"

"Bado."

Kilichokuwa na shida ni mkutano. Katiba ya chama ilikuwa imechukua desturi ya baraza la chifu: mkutano haufungwi kwa maombi iwapo kuna mkono juu ambao haujajibiwa. Desemba ya 1994, Gisiri aliketi mstari wa mbele. Levis alimpa nafasi, naye akauliza nani alishinda. Levis akasema jambo hilo linashughulikiwa. Mkono ulibaki juu, kwa hiyo mkutano ukaahirishwa. Uliendelea Desemba ya 1995, na ya 1996. Kwa kuwa haukufungwa, uchaguzi uliopaswa kufuata haukufanyika, na Levis aliendelea kuwa mwenyekiti.

Jumamosi hiyo ya 1997 Gisiri alivaa shati jipya. Ukumbi ulijaa, watu wa Migori peke yao walijaza mabenchi saba. Levis alifungua kikao kwa heshima zote. Alikuwa na barua kutoka Kisumu: Februari kungekuwa na pambano la mkanda wa ukanda mzima wa ziwa, na waandalizi walimtaka Gisiri kwa jina. Gisiri alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijua mkanda kama huo haungemngoja tena.

"Leseni iko hapa," Levis alisema, akiigusa. "Ndugu Gisiri, wewe weka tu kidole kwenye hii karatasi, kwamba ulikubali matokeo ya mwaka ule. Mkono utashuka, tutafunga kwa maombi, utaenda Kisumu. Sisi wote ni ndugu."

"Kwanza ulizeni nani alishinda," Bhoke alisema kutoka benchi la tatu.

"Mama, ngoja upewe nafasi."

"Nafasi mume wangu ameiomba miaka mitatu. Mimi nimeazima yake."

Watu walicheka, kisha wakaanza kudai kura. Levis alitazama mabenchi, akaona hawezi kukataa. Aliuliza ni nani wanaosema Gisiri alishinda. Ukumbi mzima uliinua mikono. Jared alipanda juu ya benchi, kwa kuwa mkono wake haukufika, akasimama hapo ili aonekane.

"Mimi ndiye niligonga mkeka," alisema. "Mara tatu. Mjomba, unajua."

"Shuka, Jared."

"Nitashuka ukiandika."

Levis alishauriana na katibu. Kisha alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kura haikuwa halali. Mkono mmoja ulikuwa juu kabla swali halijaulizwa, na mkono ulioinuliwa kabla ya swali huharibu kura yote. Katibu alikubali kwamba ndivyo ilivyo. Hakuna aliyeweza kuonyesha mahali ambapo katiba ilisema vingine.

Ilibaki karatasi. Katibu aliileta pamoja na kidau cha wino, akaviweka mbele ya Gisiri, upande wa kushoto ili asisumbuke.

Gisiri aliisoma karatasi yote, maana hakuwa mtu wa kuweka kidole kwenye kitu asichosoma. Aliisoma tena. Kisha alitazama leseni iliyokuwa karibu na kiwiko cha Levis. Picha yake bado ilikuwa imebandikwa hapo, ya wakati mikono yote ilipokuwa chini.

"Nikiweka kidole, utashuka?"

"Utashuka. Kitu gani kingine utakuwa unangoja?"

Gisiri alirudisha kidau cha wino katikati ya meza, polepole, kisimwagike.

"Basi wacha ukae," alisema.

Kikao kiliahirishwa hadi Desemba iliyofuata. Watu wa Migori walimsindikiza nje wakiimba, na wale wa Homa Bay waliungana nao hadi kituo cha mafuta. Kila mmoja alitembea na mkono wa kulia juu, isipokuwa Jared, aliyetembea katikati yao na mkono wake chini, na hakuna aliyemwuliza. Bhoke alienda mbele ya wote.

"Kola imekukaa," alimwambia mumewe.

"Inakaba."

"Mabingwa hukabwa."

Februari, mtu mwingine alipigania mkanda wa Kisumu. Gisiri alisikiliza matokeo redioni, akasema aliyeshinda alistahili. Mwezi huo alianza kujenga ulingo wake nyuma ya nyumba, kwa sababu vijana kumi na wawili, na wasichana wanne, walikuwa wameomba awafundishe. Nguzo zilikuwa za mkaratusi, ndefu kumpita. Alisimama kando ya shimo, akashika kila nguzo kwa mkono wa kulia karibu na ncha, ikakaa wima bila kutikisika, huku Bhoke akishindilia mawe na udongo chini yake. Mkono huo haukuchoka. Kuchoka kulikuwa kwa miguu.

Jua liliposhuka, nguzo mbili zilikuwa zimesimama. Bhoke alizisukuma kwa bega, moja baada ya nyingine, akaridhika.

"Hizo zingine?"

"Kesho, Mama Robi. Udongo huu umekauka, tutaumwagia maji asubuhi."

Waliyafunika mashimo mawili yaliyobaki kwa mabati, ndama wasije wakatumbukia, wakaweka mawe juu ya mabati.