Misuko ya Moka

Valérie hakuangushwa na farasi. Maisha yake yote alipanda farasi bila hata kuchubuka goti, akaja kuteleza bafuni mwake mwaka 2012 na kuvunjika nyonga. Binti yake akapiga simu kutoka London: mama, hapo hakuna mjadala tena, njoo ukae na mimi. Basi ikabaki shida ya Moka.

Moka alikuwa farasi wa kahawia, mpole, mwenye tabia mbaya ya kupekua mifuko ya watu. Kumuuza, Valérie hakutaka hata kusikia. Alitaka kumkodisha: farasi abaki wake, ila mwingine amlishe, ampande na kumtunza. Kazi ya kumtafuta huyo mwingine akampa Constance.

"Wewe unamjua kuliko mtu yeyote," alimwambia kwa Kifaransa chake cha Morisi. "Nichagulie nyumba nzuri. Sharti langu ni moja tu, asikae peke yake. Farasi akikaa peke yake anakonda kwa mawazo."

Constance alikuwa msusi katika saluni moja ya Sydenham, mjini Durban. Siku moja Valérie alipita mlangoni, akasikia Kifaransa, akaingia. Akavitazama vidole vile vikifanya kazi, akauliza kama vingeweza kusuka nywele za shingo ya farasi. Kumbe farasi wa mashindano husukwa! Asubuhi unamsuka, jioni unamfumua, asije akawashwa akaanza kujisugua. Tangu hapo kila Jumapili, ibada ikiisha, Constance alipanda taxi, zile daladala za huko, kwenye kituo cha Warwick, akaenda bandani Hillcrest, mashindano yawepo yasiwepo.

Tuseme ukweli, hakuwa anafuata nywele. Kaka yake Urbain, aliyekuja naye kutoka Bukavu, alipata nafasi ya Canada, akaondoka na mkewe. Constance akabaki na chumba chake Cato Manor na Jumapili ndefu isiyo na mtu. Kanisani walimkumbatia vizuri tu, kisha kila mmoja akakimbilia sufuria zake. Moka ndiye aliyekuwa akisikia hatua zake na kuanza kulia kabla hajafika getini. Binadamu wa kumfurahia namna hiyo hakuwa naye Durban nzima.

Nyumba ya kwanza ilipatikana upesi. Mzee Reddy, mwalimu mstaafu, alikuwa na uwanja wenye majani mengi palepale Hillcrest, karibu na kituo cha taxi. "Njoo kila Jumapili, binti yangu," alimwambia Constance. "Njoo hata katikati ya wiki. Chai ipo."

Constance alirudi saluni uso umemng'aa.

"Nimepata!" akamwambia Kulthumu, mtu wa Tanga, aliyekuwa akisuka kwenye kiti cha pili. "Iko karibu, na ule mzee iko gentil, mupole kabisa. Nitakuwa naenda kila dimanche."

"Haya, shoga, hongera," Kulthumu akacheka, viganja vimejaa mafuta ya nywele. "Lakini hebu niambie, tunamtafutia makazi farasi au tunakutafutia wewe?"

Constance naye alicheka, ila si sana.

Moka akapelekwa kwa mzee Reddy kwa majaribio. Jumapili Constance alipofika, alikuta njia ya udongo imechimbika kando ya uzio mzima, kwa kwenda na kurudi. Farasi alikuwa ameloa jasho, na majani mazuri yale hakuyagusa. Pale hapakuwa na farasi mwingine. Palikuwa na kuku.

"Atazoea," mzee Reddy alisema.

Moka akaja, akaweka kichwa begani kwa Constance, akatulia. Angetulia hivyo kila Jumapili mpaka jua lishuke, na siku zote zilizobaki angezunguka uzio. Constance hakuhitaji kuelezwa hali hiyo ikoje, maana naye alikuwa na chumba chake kule Cato Manor. Alisimama pale akitamani kwa moyo wote kusema ndiyo, atazoea. Mwishowe akatoa simu akamwambia Valérie kwamba nyumba hii hapana.

Nyumba ya pili ilikuwa Underberg, huko milimani, safari ya kubadilisha taxi na kusubiri zijae. Mwenyewe aliitwa Thembeka, mama mwenye shamba, binti anayependa kupanda, na farasi majike wawili. Kwa simu na kwa picha kila kitu kilionekana sawa. Valérie akasema basi, apelekwe.

Sasa, katika ukoo wa Constance, bibi harusi husukwa na shangazi yake, misuko midogomidogo, na baada ya siku kadhaa shangazi yuleyule huenda kwa wakwe kumfumua. Hukaribishwa, hulishwa, hukaa akiangalia mtoto wao anaishije. Mkwe wa kugusa kichwa kilichosukwa na mwingine hajazaliwa. Basi asubuhi ya kuondoka, Constance alimsuka Moka hivyo hivyo, misuko myembamba iliyokazwa kwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo, asiweze kuifungua mtu mwingine. Alijua misuko ya farasi hailali. Akajiambia siku chache hazitamuua.

Alisafiri naye kwenye gari lililovuta trela. Moka aliposhushwa, aliwanusa wale majike wawili, nao wakamnusa, akainamisha kichwa akaanza kula. Hakugeuka hata kumtazama aliyemleta. Constance alitafuta kasoro kwenye maji, kwenye banda, kwenye mikono ya yule binti, na alitafuta kweli kweli. Hakuiona.

"Misuko ikimsumbua, nipigieni," alimwambia Thembeka, akampa namba yake. "Nitakuja mwenyewe kufumua."

Wiki ile simu haikutoka mfukoni mwa aproni yake. Alimwomba Kulthumu amshikie wateja wa Jumamosi, akanunua fungu la karoti pale Warwick, akaliweka tayari. Ijumaa, akiwa anamfumua mteja, simu ikalia. Ilikuwa picha. Moka alisimama katikati ya wale majike wawili, shingo tupu, nywele zimekatwa hadi ngozini. Chini yake Thembeka alikuwa ameandika: Alikuwa anajisugua kwenye nguzo, tukatumia mkasi. Zitaota tena. Tulitaka kukupigia, ila tukaona ni mbali mno, tusikusumbue. Anakula vizuri. Asante kwa yote.

"Vipi, wamekuita?" Kulthumu akauliza.

"Bameikata."

"Wamekata? Kazi yote ile? Jamani, watu hawana haya!"

"Hapana. Ni batu bazuri. Banasema habakutaka kunisumbua." Akageukia ukutani ili mteja asimwone. "Kulthumu, miye nilitaka banisumbue."

Mteja akauliza kama kuna tatizo. Constance akamjibu hakuna, akajifuta machozi kwa aproni, akachukua kitana na kuendelea kufumua.