Karatasi Nyeusi ya Bwana Finbow

Kwa miaka kumi na tisa Maureen Thurkettle na Aubrey Finbow walikuwa wakisalimiana kwa kutikisa kichwa tu, kama majirani waliogombania mpaka. Maureen alikuwa mpishi wa shule ya msingi pale Sudbury mpaka akastaafu. Finbow alikuwa daktari wa mifugo, mjane, na mtu wa maneno makali. Wote wawili walipenda kitu kimoja, na hicho ndicho kilichowafanya wasipendane.

Kitu chenyewe kilikuwa picha za chapa za kale, za mashamba na mito ya Uingereza, zile ziitwazo mezotinti. Mchongaji wake huchukua bamba la shaba na kulikwaruza lote kwa chuma chenye meno, siku nyingi, hadi likipakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi litoe weusi mtupu. Hapo ndipo kazi inapoanza. Hukaa akikwangua na kulainisha kidogo kidogo, na kila palipolainika wino haushiki, mwanga unatokea. Mara kwa mara hupiga nakala moja ya majaribio aone amefika wapi. Nakala hizo ni chache kuliko meno ya kuku, na ndizo zilizowakosesha usingizi Maureen na Finbow.

Waliyoigombania zaidi iliitwa *Kinu cha Brantley*: kinu cha maji, mto, miti ya mierebi, na juu yake mbingu kubwa ambayo mvua imetoka kupita. Mchongaji wake, Josiah Pell, aliandika kwa mkono wake kwamba alipiga nakala za majaribio saba. Maureen alikuwa na nne. Finbow alikuwa na mbili. Ile ya kwanza hakuna aliyewahi kuiona, na wengi waliamini ililiwa na panya zamani.

Alhamisi moja ya Oktoba simu ya Maureen ikalia.

"Wewe mama, bado unazo zile nne, au umeshafungia samaki?"

"Nani mwenzangu?" aliuliza Maureen, ingawa alimjua kabisa.

"Finbow. Njoo kesho asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha. Uje nazo."

"Kama unataka kuzinunua, umekosea namba."

"Nani amesema kununua? Njoo bwana. Kuna keki."

Kesho yake Maureen akazilaza picha zake kwenye kiti cha nyuma cha gari, akazifunika blanketi kama mtoto mgonjwa, akaendesha taratibu hadi kwa Finbow, Nayland. Finbow alimfungulia mlango huku akimtazama sikio. Maureen akaudhika. Akajisemea moyoni, huyu mzee dharau haijamwisha, hata usoni hanitazami. Lakini walipoketi, Finbow akamimina chai, na chai ikapita kikombe, ikajaa kisosi, ikamwagika mezani.

"Macho?" aliuliza Maureen polepole.

"Katikati kumekufa. Pembeni bado naona. Nikikutazama usoni, wewe ni shimo lililovaa koti. Nikitazama sikio, nakupata kidogo."

"Basi hujakosa kitu."

Finbow akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwelekeza kwenye meza ya dirishani. Palikuwa na karatasi moja, kuukuu, kingo zake zimekuwa kahawia, na katikati yake mstatili mweusi tii.

Akamweleza alivyoipata. Kasisi mmoja upande wa Halstead alikuwa amefariki, vitu vyake vikauzwa, na miongoni mwake kulikuwa na kasha la karatasi chakavu ambalo hakuna aliyelitaka. Finbow alipitisha vidole upande wa nyuma wa karatasi hii, akausikia ule mbonyeo ambao ukingo wa bamba huuacha. Akaupima kwa rula. Upana ulikuwa ule ule wa nakala zake mbili, na kona ya chini ilikuwa na kidonda kile kile ambacho bamba la Pell lilikuwa nacho.

"Nimeinunua kwa pauni nne," akasema. "Ila sijui kama ndiyo yenyewe, au ni wino tu aliojaribia. Nikimuuliza Hester binti yangu, ataniambia ni nyeusi. Hilo hata mimi naliona. Katika nchi nzima hii anayeweza kuisoma ni wewe peke yako, na nimechukia sana kulitambua jambo hilo."

Maureen akanawa mikono, akaifuta mara mbili, akaishika karatasi kwa kingo.

Hakuona kitu. Ulikuwa weusi wa manyoya ya fuko, mzito, ambao jicho lilizama ndani yake bila kugusa chini. Wazo likamjia, na baadaye hakuficha kwamba lilimjia: angeweza kusema hakuna kitu, akampa mzee pauni zake nne kwa huruma, akaondoka nayo.

Akaiinua kidogo kuelekea dirishani. Jua la asubuhi likaipita kwa ubavu.

Palikuwa na alama nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele.

Maureen aliijua picha ile kama alivyojua jiko lake. Hapo hapakuwa mahali pa mbingu, wala pa maji yaliyo chini ya gurudumu. Palikuwa upande wa kushoto, chini, anaposimama mtu akifungua mlango wa maji, mtu ambaye kwenye picha iliyokamilika unamtafuta kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa shati lake. Pande zote zilikuwa usiku. Kinu hakikuwepo, mto haukuwepo, mti haukuwepo, na mtu yule alikuwa tayari ameinama, mkono kwenye kazi, akiufungulia maji mto ambao bado haujaumbwa.

Akavuta kiti, akaketi.

"Maureen?" Finbow hakuwahi kumwita kwa jina. "Kuna nini?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Yule wa kwenye mlango wa maji. Shati lake. Hakuna kingine, Aubrey. Hakuna kabisa. Hata mbingu bado."

Mzee akashika ukingo wa meza. "Alianza na yule," akasema kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii nilidhani alianza na mbingu."

"Na mimi."

Wakaviringisha zulia, wakazipanga zote saba sakafuni, kuanzia ukutani hadi mlangoni, nyeusi mwanzo na iliyokamilika mwisho. Finbow hakutaka kuketi. Akatembea kando yake polepole, uso ameukaza ukutani, ili picha zipite pale pembeni mwa jicho palipobaki hai. Maureen alimtangulia akimtajia. "Sasa ni maji. Hapa gurudumu. Hapa miti imeanza kutengana na giza." Alipofika mwisho Finbow akasimama.

"Kumekucha," akasema. Akarudi mwanzo, akatembea tena. Mara nne.

Chai ilipoa. Wakakumbushana kwamba nne ni za Maureen na tatu ni za Finbow, wakakubaliana kabisa, na hakuna aliyeinama kuziokota. Mpaka leo zile saba hazijatengana. Hukaa nusu mwaka kwa huyu na nusu mwaka kwa yule, na wenyewe hugombana kila zinapohama.

Lakini siku ile, karibu na saa sita, Hester aliingia na mifuko ya sokoni, akanyanyua mguu avuke.

"Simama hapo hapo!" wazee wote wawili wakapiga kelele.

Hester akasimama. Akatazama chini, kutoka kwenye ile nyeusi hadi kwenye ile iliyojaa mbingu, kisha akarudi kwa macho hadi kwenye ile nyeusi. Akaweka mifuko chini taratibu, akavua viatu.