Mada ya Mikono ya Madobi

Nyevu Charo hakuzaliwa kuambiwa "hakuna" akarudi nyumbani kimya. Miaka kumi na minane alifua mashuka ya hoteli huko Shanzu, na alipoingia chuo Kisauni, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, mada ya utafiti alikuja nayo: kwa nini mikono ya madobi wa hoteli hupasuka.

Mhadhiri wake, Madam Mueni, alitikisa kichwa. "Sidhani kuna aliyeliandika hilo. Niletee makala kumi za wataalamu kufikia Ijumaa, la sivyo ubadilishe mada."

Abadilishe, aandike nini? Bei za nyanya? Nyevu alikasirika mpaka chai ikamshinda.

Jumatano akaketi mbele ya kompyuta ya maktaba, akafungua hifadhidata, ile ghala ya makala, akaiandikia kama anayemwandikia chifu: swali zima kwa Kizungu, tangu tafadhali mpaka ahsante. Zikamjia makala elfu arobaini. Manesi wanaonawa, wakulima wa pamba, mashine za kufulia, kila kitu isipokuwa mikono yake.

Gershom, mkutubi, kijana wa bara, akachungulia.

"Mama, hii haijui adabu. Toa tafadhali, toa ahsante. Nipe maneno yaliyobeba swali tu."

"Mikono. Sabuni. Dobi."

"Sawa. Na ugonjwa wenyewe, madaktari wanauitaje?"

Nyevu akafungua mkoba, akatoa kitabu chake cha hospitali. Neno lile refu la daktari hakuwahi hata kulitamka. Akalinakili herufi kwa herufi.

Gershom akamwonyesha. Maneno ya maana moja hutiwa kwenye mabano, yakaungwa kwa "au". Mafungu tofauti huungwa kwa "na". Neno ukilikata penye shina ukaliwekea kinyota, huja na ukoo wake wote. Nyevu aliyashika upesi, maana kutenga taulo na taulo, shuka na shuka, ndiyo kazi iliyomlea. Akabonyeza. Makala ishirini na tatu, zote za mikono ya wafuaji. Moyo ukamjaa, wallahi, akatamani kumwita mtu aje aone.

Kisha, peke yake, bila kuambiwa, akaongeza Mombasa. Hakuna. Akaongeza Kenya. Hakuna. Akaongeza Afrika Mashariki, ikawa ni yale yale. Hapo akaingiwa na hofu kidogo, lakini kila utafutaji aliuandika kwenye daftari, neno kwa neno, pamoja na tarehe.

Ijumaa Madam Mueni alizipitia zile ishirini na tatu polepole. "Zote za ng'ambo. Na za hapa kwetu?"

"Hazipo, Madam."

"Nitajuaje kwamba hukutafuta vibaya?"

Nyevu akamsogezea daftari. Madam akaivuta kompyuta yake, akaandika maneno yale yale, akabadilisha moja, akajaribu tena. Skrini haikumletea hata makala moja.

"Kweli," akasema. "Huku hakuna aliyeandika."

"Atakayeandika ni mimi," Nyevu akasema, wala hakuinamisha macho.

Madam Mueni akafungua kalamu. Kwenye fomu ya kuidhinisha utafiti, pale penye jina la mada, akaongeza neno "Mombasa" kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi, na fomu akampa kwa mikono miwili.