Dawa ya Vioo vya Ndege

...na hii nayo imeandikwa inafaa kwa kila kitu, rangi, bati, viti vya ngozi, plastiki, na kitu kinachofaa kwa kila kitu mimi sikiamini, bora niirudishe, nichukue ile ya jirani yake yenye kifuniko cheupe, hii sijui nimeisoma mara ngapi, maneno yanaingia machoni yanaishia hapo hapo, kichwa kimekufa ganzi tangu asubuhi, tangu simu ya mwanangu, na huku nyuma mume wangu anamsimulia mwenye duka jinsi alivyotua na upepo wa ubavuni mwaka ule wa mvua nyingi, sauti yake ile ile, nene, ya mtu aliyezoea kupaza maneno juu ya mlio wa injini, na mwenye duka anaitikia, "Ehe, ehe, kisha?" kama hajaisikia, na ameisikia, mzee aliisimulia tulipoingia tu, hata hatujamaliza kusalimiana, akaifikisha mwisho, wakacheka, na sasa ameianza upya, upepo ule ule, ng'ombe wale wale katikati ya uwanja... mwenye duka amenitupia jicho nikajitia hamnazo, nikageukia rafu, mimi ni mteja, nimekuja kununua sabuni ya ndege, basi.

Hii ya kuondoa grisi hapana, ni ya malori, inakula bodi, inaacha madoa meupe chini ya tumbo la ndege, hayo nayajua hata nikiwa usingizini, mimi fundi cherehani niliyeolewa na mwenye kiwanda cha matofali, nani angenidhania ningejua tumbo la ndege linaoshwaje, nilimwambia siku aliyoinunua, ndege kuukuu yenye viti vinne, imemzidi mwanetu umri, nikamwambia, "Baba watoto, watu wakizeeka wananunua shamba," akasema, "Shamba haliruki," na kuanzia hapo Ijumaa zetu zote zikawa za kuosha, yeye juu ya ngazi mimi chini, maji kwanza, maji mengi, kisha anapitisha kiganja kitupu juu ya kioo kuutafuta mchanga, amevua hata pete ya ndoa, nilimtania, "Umepata mwanamke mwingine, mpaka pete unaivua?" akasema, "Huyu hanipigii kelele." Chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kuharibu, na kitambaa kiwe fulana ya pamba iliyochakaa, mimi ndiye ninayezikata, ninaondoa mishono yote kwa sababu uzi una ukali usiouona, na kufuta ni juu chini, juu chini, usizungushe kamwe, mikwaruzo ya mviringo jua linaigeuza kuwa pete za mwanga na rubani haoni anakokwenda, maana vioo vya ndege si vioo, ni plastiki, hilo ndilo la kwanza alilonifundisha, ni plastiki, mama, inaona kila unachoifanyia na haisamehe.

"Mama," aliniambia mwanangu kwenye simu asubuhi, chai ilikuwa bado mkononi, "wewe ndiye unayelala naye na kuamka naye. Ukiniambia Baba yuko sawa, Jumamosi namleta mtoto, waende zao. Ukiniambia hayuko sawa simleti, na sitakuuliza kwa nini." Nikamwambia ngoja kwanza tukanunue sabuni. "Sabuni gani tena, Mama?" Ya ndege, nikamwambia. Akasema haya, nitapiga tena mchana, na mchana ndio huu, simu iko ndani ya pochi, pochi iko kwapani, naibana... mtoto mwenyewe meno ya mbele yameng'oka yote, mimi namwita mke mwenzangu, amelitangazia darasa zima kwamba Jumamosi anaruka na babu, babu amempa kazi ya kushika ramani, atakaa mbele, juu ya mto ili aone nje, mto nimeushona mimi, wa kijani, uko tayari juu ya kabati, nimeushona huku najua, nilijua nini, sikujua kitu, kila mtu anasahau, mimi mwenyewe nimesahau miwani jikoni, ndiyo maana maandishi haya yanacheza.

Daktari alisema kusahau kwa umri wake si ajabu, tumwangalie, na aliposema tumwangalie alikuwa ananiangalia mimi. Daktari wa marubani naye kampima macho, masikio, moyo, akasema huyu ana moyo wa kijana, akagonga mhuri, na mzee akatoka pale akitembea kama bwana harusi, hakuna aliyemuuliza swali la pili, kama baada ya kujibu la kwanza bado analikumbuka. Nilimwambia basi mchukue yule mwalimu wako wa urubani akae kando yako, mara moja tu, akanuna kutwa nzima, akala bila kuniangalia, kesho yake amesahau kwamba alinuna, ananiuliza mbona umepooza, unaumwa? Na Ijumaa iliyopita, hiyo nayo, sitaki kuifikiria hapa dukani... kabla ya kuosha huwa anaziba kile kijibomba kilicho chini ya bawa, kinachopima mwendo, anakizibia utepe mwekundu maji yasiingie, na kuubandua baadaye ni kazi yake, hamwachii mtu, kijibomba kikibaki kimezibwa rubani yuko angani hajui anakwenda kasi gani, tukamaliza, akakausha mikono, akavaa pete, akasema, "Imetakata, inaweza kwenda hata sasa hivi," na utepe uko pale pale, mwekundu kama ulimi, nami nikamwacha atangulie kwenye gari, nikaubandua, nikautia mfukoni, sikumwambia yeye, sikumwambia mtu, nikapika, tukala, tukalala. Ningefanya nini. Jikaze kisabuni, ndivyo alivyokuwa akituambia mama yangu, na leo nimezungukwa na sabuni pande zote, cheka basi, kicheko hakiji.

Haya, chagua. Ya bodi nimepata, laini, ya rangi ya maziwa, ya tumbo nimepata, nta bado tunayo nusu kopo, imebaki ya vioo, na za vioo hapa ziko mbili, hii ndogo nyeupe ya plastiki ya ndege, na ile ya bluu ya kupuliza, ya madirisha ya nyumbani, yenye ile harufu ya kupanda puani mpaka machozi, sijui kwa nini mwenye duka anaziweka pamoja, jirani yetu wa uwanjani alivipulizia vya kwake ile ya bluu, siku ya kwanza viling'aa, baada ya muda vikaingia ukungu, kisha nyufa nyembamba, nyingi, akielekea jua anaendesha kwa kubahatisha, mzee alimsema yule bwana mbele za watu mpaka nikamwonea huruma, "Vioo umevichoma kwa mikono yako mwenyewe, halafu unajiita rubani?" "...ng'ombe wametapakaa," anasema huko kaunta, "nikasema leo ni mimi au wao," na mwenye duka, "Ehe, kisha?" Mungu ambariki mwenye duka.

"Mama!" ananiita, "usisahau dawa ya vioo, chukua ile ya bluu, ya kupuliza." Ya bluu. Mkono uko kwenye chupa nyeupe, umesimama, ananitania, ndiyo, bila shaka ananitania, ni mchezo wake, mwalimu wake wa urubani ndiye aliyemwambukiza, mwalimu anakuamuru kosa makusudi, aone kama utamfuata kikondoo au utamkatalia, na mzee akauleta nyumbani, tuko angani ananiambia, "Mama, mafuta yamekwisha, twende mbele tu, tuvuke milima," nami natakiwa nijibu, "Hapana, rubani," na yeye anacheka mpaka mabega yanatikisika, nimefaulu, hata jikoni, mama, tia sukari kwenye mchuzi, hapana, rubani, watoto wamekua na mchezo huo, mwanangu alikuwa akimjibu hivyo kabla hajajua kufunga viatu, kwa hiyo ndio huo, anamchezea mwenye duka, anataka mwenye duka aone mke wake alivyo mjuzi, asante Mungu, ananitania, subiri tu, sasa hivi atacheka. Nasubiri. Naichukua ile ya bluu, naiinua juu aione vizuri. "Hii?" "Hiyo hiyo." "Ya vioo vya ndege?" "Sasa vya nini tena, mama?" na mwenye duka ameacha kuitikia, ameishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, ameivaa, ananitazama, anajua, amewauzia marubani wote wa hapa, anangoja kicheko kama ninavyongoja mimi. Nampa mzee nafasi. Nampa tena nafasi. Nasema kwa sauti, kama tunavyosema, "Hapana, rubani."

"Hapana nini?" anauliza.

Hakasiriki, hatanii, amegeuka kabisa kunielekea, uso wake mwema unangoja kuelezwa, kofia ameishika mkononi, na mimi nina chupa huku na huku, nilidhani hapa nitalia, nimeogopa siku hii nikidhani itanivunja miguu, nashangaa miguu ipo, sakafu ipo, feni inazunguka, bei zimebandikwa, najisikia tu kama mtu aliyekaa na mlango wazi usiku kucha na sasa anaamka kuufunga, kumbe kuufunga ni kuusukuma tu. "Hapana kitu," namwambia, "natafuta tu." Hayuko sawa. Nitamwambia hivyo mwanangu akipiga, kwa maneno hayo, hayuko sawa, usimlete, na sitamsingizia daktari, nitakuwa mimi niliyesema, kwa sababu ni mimi niliyemwona. Na mke mwenzangu atalia, atanuna, nitamwalika aje tukae chini ya bawa na ramani yake, atakataa, haya. Na mzee mwenyewe, Jumamosi asubuhi atavaa shati lake jeupe, ataniuliza ufunguo wa ndege uko wapi, nitamwambia baba watoto, huruki tena, ataniangalia kama nimempiga kofi, na maumivu yatamwingia yote, kisha kesho yake atakuwa amesahau, atavaa shati, ataniuliza, na nitamwambia upya, na kwake itakuwa mara ya kwanza, na kwangu... nampenda mtu huyu, nampenda na ndege yake na kelele zake, nami ndiye nitakayempiga kofi hilo kila asubuhi, hakuna mwingine wa kuazimwa. Anichukie. Anichukie akiwa hapa chini, na viatu vyake vikiwa na vumbi, nitalipokea.

Simu inatetemeka ndani ya pochi, naisikia kwapani, inatetemeka, inatulia, inatetemeka tena, nitaipokea nje, hapo kwenye kivuli cha ukuta, nikishaweka hivi chini, nairudisha ya bluu kwenye rafu, naisukuma nyuma kabisa, nyeupe naitia kikapuni na ya maziwa na ya tumbo, kwa sababu vioo vitaoshwa, Ijumaa tutaosha kama kawaida, juu chini, pete ameivua, hilo hakuna anayeweza kumnyima, na mzee anaona nimesimama muda mrefu, anadhani nashindwa kuamua, anaweka kiwiko juu ya kaunta, anatabasamu, "Usijali, mama, chagua taratibu," anasema, "ndege haiondoki bila rubani wake," na mwenye duka ameinamisha kichwa, anapanga risiti zisizohitaji kupangwa, lakini mimi nacheka, nacheka kwa sauti, na mzee anacheka kwa kuwa nimecheka, mabega yanatikisika, maana huu ni utani mpya, sijawahi kuusikia, ameutunga sasa hivi, na ni kweli, haiondoki.