Kalamu za Padri Anthimos

Wiki moja kabla ya mtihani wa taifa, Evanthia alipeleka kalamu tano kanisani, kama walivyofanya akina mama wengine wa mtaa ule wa Kozani, Ugiriki. Padri Anthimos akazibariki. Zilikuwa kalamu za kawaida za plastiki angavu, wino wote unaonekana.

"Moja kwa kila somo, na ya tano ya akiba," alimwambia binti yake, Areti. "Usizichanganye, Daktari."

Alimwita Daktari tangu Areti akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka ule alipofuga viluwiluwi katika chupa ya zeituni na kuvichora kila asubuhi mpaka vikaota miguu. Evanthia alinunua koti jeupe mwezi uleule, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto.

Siku ya Biolojia, Areti alirudi, akatupa mkoba kwenye kochi, akaingia bafuni. Evanthia akaufungua atoe chupa ya maji akaioshe. Akaziona kalamu, kila moja na kibandiko cha somo lake. Ile ya Lugha, ya juzi, wino ulikuwa umeshuka vidole viwili. Ya Biolojia ilikuwa imejaa, na kile kidonge cha nta cha kiwandani bado kimeganda kwenye ncha.

Alimngoja mlangoni pa bafu.

"Uliandikia nini leo?"

"Sikuandika, mama."

"Saa tatu nzima! Hukujua kitu?"

"Nilijua yote. Nikaogopa kwamba nitapita."

"Una wazimu wewe? Baba yako yuko na lori huko Ujerumani, anavunjika mgongo! Shangazi zako wote nimeshawaambia!"

"Basi waambie tena."

Evanthia aliinua mkono, akaushusha.

"Ulikuwa unaipenda Biolojia," alisema. "Nilikuona kwa macho yangu."

"Niliipenda, mama. Nilipenda vile viluwiluwi. Ulipoanza kuniita Daktari vikawa vyako, na mimi nikabaki kukuchungia."

Areti akajifungia chumbani.

Evanthia alikaa jikoni mpaka nyanya zilizojazwa wali zikaanza kuungua tanurini. Kemia na Fizikia zilikuwa bado. Aliepua sinia, akapakua sahani mbili, akaenda kusimama mlangoni kwa mtoto.

"Dak..." Akalimeza. "Areti. Chakula."

Akaita tena, kwa jina lilelile.

Mlango ukafunguka kidogo, koti jeupe likayumba nyuma yake. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba.

"Unaniita mimi?"

"Kuna nani mwingine humu ndani? Njoo ule, chakula kinapoa. Na hilo koti njoo nalo, nilitoe."