Karatasi Zisizofunguliwa Baharini

Mjukuu wangu alirudi kutoka melini na karatasi za chujio sitini, kila moja ndani ya mfuko wake, akazihifadhi kwenye friji yangu mpaka siku ya kuzipeleka maabara. Miezi miwili alikuwa akinasa hewa juu ya bahari ili ajue amonia iliyomo inatoka wapi: majini kwenyewe, kwa ndege wa baharini, au kwenye kiwanda cha mbolea anakofanya kazi baba yake, yaani mwanangu.

"Hizi sita hazikufunguliwa kabisa, Bibi," alinionyesha. "Zilisafiri tu. Lazima zionekane tupu. Zikiwa na kitu, kazi yote haiaminiki."

"Kumbe hata karatasi hupanda meli kutembea tu," nikasema, akacheka.

Majibu yalipotoka, zote sitini zilijaa amonia, hata zile sita. Akakaa mezani kwangu, macho yamevimba, akaanza kumwandikia mwalimu wake kwamba amekosea na anaacha masomo. Baba yake akamfunika shali mabegani, akatoka.

Mimi nikakumbuka Alhamisi ile kabla hajazipeleka. Jikoni kulinuka dawa ya kusafishia vioo, ile yenye amonia, hadi pua ikaniwasha, na madirisha yalikuwa na vumbi vilevile. Tena mwanangu, aliyesema alikuwa akiyafuta, tangu azaliwe hajawahi kufuta dirisha.

Nikamfuata barazani. "Ulifungua friji yangu?"

Akasema, "Mama, kiwanda kikifungwa nitakwenda wapi na umri huu? Nilizifungua juu ya beseni la dawa, saa moja tu. Nikazirudisha zote kwa namba zake. Hakuna iliyopotea."

Hilo la namba ndilo lililonichoma. Ni uangalifu uleule aliomsukia nao binti yake nywele baada ya mkewe kufariki.

"Ingia umwambie."

"Atanichukia."

"Sasa hivi anajichukia mwenyewe."

"Mimi ni mwanao, Mama. Nifichie."

Nilimngoja. Nilimngoja sana. Akageuza uso.

Nikaingia mimi, nikaushika mkono wenye kalamu. "Futa hapo uliposema umekosea."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kuna mtu alizifungua humu ndani."

Tukasikia lango likifungwa taratibu, kama anavyolifunga mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Mjukuu wangu akatazama mlango, akalivua lile shali, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Hakuuliza ni nani.