Kimeng'enya Kilichopanda Mlima

Nilikuwa nimeshanuna kabla Profesa hajamaliza kusema. Kimeng'enya changu, ile protini ya kuchochea mabadiliko ya kemikali, alisema, kimezoea kuvunja tindikali na kutoa hewa ya kaboni. Kukigeuza kiikamate hewa hiyo na kuijenga tindikali upya ni kupanda mlima, na maji hayapandi mlima. Keshokutwa mashine ya kupimia ingepewa kundi jingine, na shahada yangu ya uzamivu ingeishia hapo.

"Tukikirundikia hewa ya kaboni ya kutosha, kitapanda," nilimjibu.

Akanitakia heri kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Shemeji, aliyemwoa dada yangu na ambaye tunagombania naye meza moja ya maabara, akaanza kuandaa chupa. Kimeng'enya hiki kikiguswa na oksijeni kinakufa, kwa hiyo tuna desturi isiyovunjwa: kila chupa hupulizwa naitrojeni kwa sindano ili ifukuze oksijeni. Sisi, kwa kujihami, tulipuliza mara mbili, kabla na baada ya kutia magadi yanayotoa hewa ya kaboni.

Nilimtazama akipuliza mara ya pili. Mapovu yalipanda yakatokea juu, yakapanda yakatokea. Damu nayo ikanipanda.

"Shemeji, hayo mapovu yanaondoka na nini?"

Akasema oksijeni. Kisha akashika kichwa.

Tulikuwa tunafukuza inzi na wageni kwa ufagio mmoja. Hewa ya kaboni, chakula cha kimeng'enya, tuliipuliza nje wenyewe, halafu tukakiita kimeng'enya kivivu. Nilijitukana, nikamtukana na yeye, akaahidi kunishtaki kwa dada.

Tukaweka kando mtungi wa naitrojeni, tukapuliza hewa ya kaboni yenyewe. Ikafukuza oksijeni, ikabaki kuwa chakula. Nikasawazisha uchachu ulioletwa na hewa hiyo, nikatia chupa mbili kemikali ya nishati, ambayo ndiyo mashine huipima, kisha nikatia kimeng'enya kwenye moja, nyingine nikaiacha bila. Ndipo tukamwita Profesa.

Kwenye kioo cha mashine, mstari wa chupa isiyo na kimeng'enya ulilala tu. Wa chupa yangu ukaanza kushuka, maana nishati tuliyokitilia ilikuwa inaliwa kazini. Ukazidi kushuka. Nililia, wala sioni haya kusema, nililia huku nacheka.

Profesa alivuta kiti, akautazama mpaka mwisho.

"Rudia," alisema.

Nikarudia kwa chupa mpya, na mstari ukashuka tena. Profesa akainuka, akaenda mwenyewe kuwaambia wale wa kundi jingine watafute mashine pengine.